Kuku Mgeni na Tenga

Hili nimelisema mpaka mke wangu analijua kwa moyo, na hapa Tanga nalirudia: antivairasi ikikagua faili na kukwambia "hakuna tatizo", maana yake haijamtambua mgeni huyo. Haijasema ni mwema.

Ninyi wa Ngamiani, kuku akinunuliwa gulioni nani humwachia bandani siku hiyo hiyo? Hufunikwa tenga kwanza. Kama ana kideri, kimuishie humo. Sandiboksi ndiyo tenga hilo: kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, tuseme kwa programu ya VirtualBox. Unahifadhi hali yake ikiwa safi, unafungua faili, unatazama linachogusa, kisha unairudisha ilivyokuwa.

Juzi nililetewa flashi iliyotoka steshenari. Faili linaitwa Ankara.pdf.exe, lina alama nyekundu ya PDF, lakini hiyo .exe ya mwisho ni ya programu, si ya waraka. Nikalifungua tengani. Kimya. Vijana wakasema, "Mzee, safi hiyo." Nikawaambia leteni chai kwanza. Kuku naye hujua kama yuko tengani! Hutazama: diski mbona ndogo, mausi mbona haisogei, draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, mbona zina jina la VirtualBox? Basi hujilaza. Nikachezesha mausi, nikajaza picha za harusi na barua, nikasogeza saa mbele. Ndipo likajiandika kwenye orodha ya programu zinazowaka pamoja na Windows, likaanza kutafuta njia ya kutoka nje.

Mnaikumbuka ile programu hasidi ya WannaCry, Mei 2017, iliyofunga mafaili ya hospitali za Uingereza? Kabla ya kazi yake ilipiga hodi kwenye anwani moja ndefu ya intaneti isiyo na mwenyewe. Ikiitikiwa, inajizima. Kwa nini? Baadhi ya matenga huitikia "karibu" kwa kila hodi, ili aliye ndani asishtuke. Marcus Hutchins, kijana wa Uingereza, akaisajili ile anwani, na mwenyewe alieleza hivi: programu ikaona dunia nzima ni tenga. Hila yake ikamnyonga mwenyewe. Hapo ndipo huwa nacheka, mnisamehe.

Mtaniambia, si tupandishe tu faili VirusTotal, ile tovuti inayolikagua kwa antivairasi nyingi? Pandisheni, lakini wateja wanaolipa wanaweza kulishusha faili lenu; orodha ya mishahara isiende huko. Windows Sandbox, tenga la Windows yenyewe la 2019, ipo kwenye toleo la Pro, la Home halina. Folda ya pamoja kati ya tenga na kompyuta yenu zimeni. Mengine… muda umekwisha, naambiwa.

Mama yangu wa kule nyuma, flashi yako nimeiona. Usiichomeke hapo, tafadhali, hiyo ni kompyuta ya ukumbi.