Rula Zirudi kwenye Mikebe ya Hisabati

Walimu wenzangu, makocha na wazazi wa Kisumu, walionisikia Kakamega na Nakuru wanajua nitakalosema, na nitalisema tena: tuache kuchagua wachezaji kwa kupima urefu wa vidole vyao.

Mvulana mmoja wa kidato cha pili alifika kwenye mchujo wa raga, akakaba watu wazima wakalala chali, kisha kocha, ambaye sitamtaja, akatoa rula, akapima kidole cha shahada na cha pete, akamwambia arudi darasani kwa kuwa cha pete kilikuwa kifupi. Nilikishika kidole hicho mwenyewe. Kilikuwa kimeteguka mwaka uliotangulia, hakikutibiwa, kikapona kikiwa kimepinda, na kidole kilichopinda hakinyooki juu ya rula! Katika raga cha pete ndicho kidole kinachoongoza kwa kukatika kano mchezaji anapong'ang'ania jezi ya mpinzani anayekimbia. Tumechagua kumpima mchezaji kwa kiungo ambacho mchezo wenyewe hukiharibu.

Mtaniambia kwamba John Manning, mtafiti ambaye kipimo hiki cha vidole kinategemea kazi yake, ni mwanasayansi, wala si mpiga ramli. Nakubali. Alilinganisha vidole vya wanasoka wa kulipwa na vya watu wengine mwaka 2001, na tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha kwamba wenye cha pete kirefu zaidi kikilinganishwa na cha shahada hufanya vizuri kidogo michezoni, jambo linalohusishwa na testosteroni, homoni ya kiume, ambayo mtoto huipata akiwa tumboni. Hilo neno "kidogo" ndilo mnalolimeza bila kulitafuna. Tafiti hizo zilipojumlishwa mwaka 2010, vidole vilieleza chini ya sehemu moja kwa kumi ya tofauti za uwezo baina ya wachezaji. Zaidi ya sehemu tisa zimebaki kwa mapafu, shingo, ugali na kocha mwenyewe. Isitoshe, urefu wa cha shahada ukigawanywa kwa wa cha pete, uwiano wa 0.96 na ule wa 0.98, kwa cha pete cha milimita 70, hutofautiana kwa milimita moja na nusu hivi, nanyi mnapima kwa rula ya mbao iliyolika ncha.

Aprili 2016 Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba ya Singapore, na sikusikia mtu akiuliza habari za vidole vya mchezaji wetu Collins Injera.

Kuhusu wasichana nilikuwa na mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Nitasema tu kwamba wastani wao ni tofauti, kwa hiyo msiwapime kwa kipimo cha wavulana. Maswali, tafadhali, na aliye na rula aiache mlangoni.