Kokteli za Jini za Krismasi kutoka Sufuria Moja ya Shira

Karibuni, karibuni sana. Krismasi imeshabisha hodi, wageni watajaa sebuleni, na mwenyeji ana swali lilelile la kila mwaka: niwape nini mkononi kabla ya chakula, na je, nitakaa nao au nitashinda jikoni nikitikisa kopo? Leo tunatengeneza kokteli za jini, kile kileo cheupe chenye harufu ya matunda ya juniperi, na tunazitengeneza kwa namna itakayokuacha ukae na watu wako. Kazi kubwa tunaimaliza siku moja kabla.

Kwa nini jini na siyo kitu kingine? Fungua chupa unuse. Juniperi ni jamii ya miti ya utomvu, na ndani ya harufu yake kuna ileile harufu ya msonobari, ya mti wa Krismasi uliokatwa leo asubuhi. Ukiikutanisha na chungwa, mdalasini na iliki, inakuwa sikukuu yenyewe, huhitaji kulazimisha chochote.

Soma lebo. Ikiandikwa London Dry, hiyo ndiyo ninayoitaka. Jina lisikuchanganye, halina maana kwamba chupa imetoka London. Ni namna ya utengenezaji, na nchi yoyote inaweza kuitoa. Maana yake ni kwamba viungo vyote vimekenekwa pamoja na kileo, yaani vimechemshwa nacho na mvuke ukapozwa ukawa kimiminika, na baada ya hapo hakuna rangi wala vionjo vinavyoongezwa. Nguvu yake iwe asilimia 40 au zaidi kidogo, kwa sababu tutaichanganya na limau, shira na maji ya barafu, na jini dhaifu itapotelea humo. Zile za rangi ya waridi zenye utamu ziache kwa leo. Rangi na utamu tutavileta wenyewe.

Haya, sufuria jikoni. Shira yetu ni ya komamanga na viungo, na hii ndiyo roho ya kila glasi nitakayokuonyesha, kwa hiyo tusiikimbize.

Unahitaji juisi ya komamanga mililita 500. Ukikamua mwenyewe, makomamanga makubwa manne au matano yatatosha. Kata tunda katikati, ligeuze juu ya bakuli, ligonge mgongoni kwa mwiko, unaona punje zinavyodondoka zenyewe? Ziweke kwenye blenda, usage sekunde 10 tu, kisha uchuje. Nasisitiza sekunde 10, kwa sababu ukisaga sana zile mbegu nyeupe za ndani zinavunjika na juisi inakuwa chungu. Kama unanunua juisi, hakikisha ni juisi tupu isiyotiwa sukari.

Mimina juisi kwenye sufuria, tia sukari gramu 400, vijiti viwili vya mdalasini, iliki sita ulizozipasua, karafuu tano, na maganda ya chungwa moja. Ganda limenywe jembamba, rangi ya chungwa tu, ule weupe wa ndani ubaki kwenye tunda. Moto mdogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Ukiona moshi wa mvuke unapanda na vijipovu vinaanza pembeni, zima. Usiiache ichemke, maana komamanga ikichemka inapoteza ladha yake ya tunda bichi na kubaki na ladha ya jamu.

Sasa angalia saa. Baada ya dakika 5, chukua kijiko utoe karafuu zote tano. Hesabu, zitimie tano. Karafuu ni kiungo kikali, mafuta yake yana kemikali inayotia ganzi ulimini, ndiyo maana wazee huiweka kwenye jino linalouma. Ikikaa muda mrefu mgeni ataonja karafuu na hataonja kingine. Mdalasini, iliki na ganda viendelee kukaa dakika 15 zaidi, halafu chuja.

Sogeza kamera karibu kidogo. Tazama inavyotiririka kutoka kwenye kijiko: nyekundu iliyokolea, nzito kidogo kuliko maji lakini siyo kama asali. Hapo imeiva. Utapata kiasi cha mililita 700. Ikipoa itie kwenye chupa safi yenye mfuniko, iende friji. Mimi huitumia ndani ya siku 10.

Glasi ya kwanza ni ya kupokelea wageni mlangoni. Ni ndugu wa kokteli ya zamani iitwayo French 75, iliyopewa jina la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 uliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ya asili ina jini, limau, sukari na shampeni. Sisi sukari tunaibadilisha kwa shira yetu.

Ukimtengenezea mtu mmoja, ni jini mililita 30, juisi ya limau 15, shira 15, unatikisa na barafu, unachuja, unajazia mvinyo wa mapovu. Lakini wageni hawaji mmoja mmoja. Kwa hiyo tunatengeneza chupa nzima. Chukua chupa tupu ya mililita 750 uliyoiosha vizuri. Tia jini mililita 300, juisi ya limau 150, shira 150, na maji safi 150. Chupa imejaa kamili, na ndani yake kuna glasi kumi.

Najua kuna anayejiuliza maji ya nini. Ukitikisa kokteli na barafu, sehemu ya barafu inayeyuka, na kinywaji kinaongezeka karibu robo ya ujazo wake. Maji hayo ni sehemu ya ladha, ndiyo yanayolainisha ukali wa kileo na kuifungua harufu. Chupa yetu haitaguswa na barafu, kwa hiyo maji tunayatia kwa mkono. Ukiyaacha, mgeni atakunja uso kwenye funda la kwanza.

Chupa ilale friji usiku kucha. Mvinyo nao ulale humo humo. Mgeni akifika, tikisa chupa kidogo, mimina mililita 75 kwenye glasi nyembamba ya mguu, inamisha glasi namna hii, ujazie mvinyo wa mapovu taratibu kwa ubavuni. Chagua mvinyo mkavu, wenye utamu utazidisha sukari. Na mvinyo wenye mapovu hautiwi kwenye kopo la kutikisia hata siku moja, utaruka usoni mwako na mapovu uliyoyanunua yatakuwa yamekwisha.

Malizia na ganda la chungwa. Hapa naomba utazame vizuri. Kata kipande cha ganda cha ukubwa wa kidole gumba, kishike juu ya glasi, rangi ikitazama chini, kisha kibinye. Umeona vile vitone vidogo vilivyorukia juu ya kinywaji? Ni mafuta ya ganda. Mdomo ukifika kwenye glasi, pua imeshafika kwanza.

Kabla sijaendelea: wapo wageni wasiokunywa kileo, wapo watakaoendesha gari, wapo wajawazito, wapo watoto. Hawa wasipewe soda ya chupa huku wengine wameshika glasi zenye mapambo. Shira mililita 30, limau 20, maji ya soda 150, barafu, na ganda lile lile la chungwa, ndani ya glasi ile ile nzuri. Mimi huanza kumimina hizi kwanza, wengine wote baadaye. Ila zitofautishe kwa kitu kinachoonekana, mfano kijitawi cha rozimari, ili glasi zisije zikabadilishana mezani.

Glasi ya pili ni ya watu wachache, labda wale wanne watakaobaki mkizungumza baada ya wengine kuondoka. Hii inatikiswa papo hapo, kwa sababu ina povu. Mama yake ni Clover Club, kokteli ya Philadelphia iliyojulikana kabla Marekani haijapiga marufuku pombe mwaka 1920. Wao walitumia rasiberi kupata wekundu, sisi tuna komamanga.

Tia kwenye kopo la kutikisia jini mililita 50, limau 20, shira 20, na ute mweupe wa yai moja. Barafu bado. Funga, tikisa sekunde 15 kwa nguvu. Kisha fungua, jaza barafu, tikisa tena sekunde 12, mpaka kopo likuume viganja kwa baridi. Mtikiso wa kwanza unaufungua ute ukamate hewa, na bila barafu unafanya hivyo kwa wepesi zaidi. Wa pili ndio unaopoza. Chuja kupitia chujio laini la chai ili vipande vya barafu visianguke juu.

Sasa iache. Usiiguse kwa nusu dakika. Mwanzoni glasi nzima ni ya waridi yenye mawingu, halafu polepole wekundu unashuka, weupe unapanda, na juu kunabaki tabaka la upana wa kidole, laini kama hariri. Paruza kungumanga kidogo hapo juu. Mayai yawe mapya ya siku hizi hizi, na wazee na yeyote mwenye afya dhaifu mtengenezee bila yai. Itakosa povu, ladha itabaki.

Kwa wanaopenda kitu kitamu baada ya chakula, ipo Alexander. Wengi wanaijua ya brandi, lakini ya mwanzo ilikuwa ya jini. Jini mililita 40, kileo kitamu cha kakao 25, krimu nzito 25, tikisa na barafu, chuja, kungumanga juu. Glasi ndogo, tafadhali. Moja inatosha.

Tumefika kwenye bakuli, bakuli kubwa la kokteli la kuchotwa na wote, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu hulizunguka wenyewe na wageni wasiojuana huanza kuongea wakipokezana upawa.

Mwaka wa kwanza nilipoandaa bakuli niliharibu. Nilijaza vipande vidogo vya barafu, mifuko miwili mizima, nikaona panapendeza. Baada ya nusu saa wekundu ulikuwa umepauka, kinywaji kimekuwa maji yenye kumbukumbu ya limau, na watu kwa adabu wakaweka glasi pembeni. Iliniuma. Tangu siku hiyo natumia jiwe moja kubwa la barafu. Kitu kikubwa kina uso mdogo ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo kinayeyuka polepole huku kikipoza vizuri.

Chukua bakuli la plastiki la lita moja na nusu. Tia maji mpaka nusu, panga vipande vya chungwa na punje za komamanga, gandisha. Yakishaganda, ongeza maji na vipande vingine, gandisha tena. Ukijaza yote kwa mara moja, vipande vya chungwa vyote vinaelea juu, punje za komamanga zinazama chini, na katikati kunabaki kweupe. Anza kazi hii saa 24 kabla ya sherehe, friza za nyumbani hazina haraka.

Kwa bakuli lenyewe: jini mililita 500, shira 250, juisi ya limau 250, chai nyeusi iliyopoa mililita 500. Chai usiidharau. Ukakasi wake unakipa kinywaji mwili, la sivyo kinakuwa kama juisi ya watoto. Iwe kavu, yaani bila sukari, majani yakae dakika 4 tu. Malimau andaa manane, kila moja hutoa mililita 30 na zaidi kidogo, na yakamuliwe siku hiyo hiyo, maana juisi ya limau ya jana imechoka. Changanya vyote asubuhi, funika, weka friji.

Wageni wakishakaa, leta bakuli mezani, mimina mchanganyiko, ongeza maji ya soda baridi mililita 750. Hapo una lita mbili na robo, glasi 18 za mililita 125, na ndani ya kila moja jini isiyofika mililita 30. Waambie watu hivyo, kwa sababu linanyweka kirahisi na mtu anaweza kusahau kwamba ni kileo.

Onja kabla ya kuweka barafu. Ladha iwe imekolea kidogo kuliko unavyopenda, kwa kuwa jiwe litaongeza maji. Kisha pitisha maji ya bomba nje ya bakuli la plastiki, ligeuze juu ya kiganja, na uliteremshe jiwe taratibu, usilidondoshe. Machungwa yaangalie juu. Bakuli likifika nusu na bado kuna watu, ongeza maji ya soda na vipande vipya vya chungwa, siyo jini.