Watumwa 14 Walikwenda Mahakamani

Nimelisema hili kila ninapopewa jukwaa, na leo nalirudia: acheni kutuambia kwamba watumwa hawakutoa ushahidi. Walitoa, tena mbele ya mahakimu, wakijua kwamba wakishindwa watarudishwa kwa bwana yuleyule.

Mwaka 1788, Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, Haiti ya leo. Lejeune, mwenye shamba la kahawa huko Plaisance, alishikilia kwamba watumwa wake wanauana kwa sumu. Aliwaua wanne, kisha akawachoma miguu wanawake wawili ili wakiri. Watumwa wake 14 wakaenda hadi mji wa Le Cap kumshtaki.

Hapa huwa naulizwa: je, si walikuwa na chuki naye? Ndiyo, walikuwa nayo! Nani asingekuwa nayo? Lakini sikilizeni walichokikuta maofisa waliotumwa kuchunguza. Wanawake wale walikuwa bado hai, wamefungwa minyororo, miguu imeanza kuoza. Shingo ya mmoja ilikuwa imechanika kwa pete ya chuma hata kumeza hawezi. Lejeune akatoa kisanduku ambacho kwa madai yake kilikuwa na ile sumu. Kikafunguliwa. Ndani mlikuwa na tumbaku ya kawaida na mavi ya panya. Ni hayo tu! Wanawake wote wawili wakafa.

Kwa hiyo maneno ya wale 14 yalithibitishwa na maofisa wa mfalme wenyewe. Mahakama ikafanyaje? Mashahidi wazungu saba wakamtetea Lejeune. Wenye mashamba wa Plaisance wakataka kila mtumwa aliyeshtaki achapwe viboko 50. Gavana na ofisa mkuu wa utawala wa koloni wakamwandikia waziri huko Ufaransa kwamba usalama wa koloni unaelekea kutegemea kuachiwa kwa mtu huyu. Akaachiwa.

Na msiniambie sheria haikuwapo. Sheria ya watumwa ya 1685 ilimruhusu hakimu kuyasikiliza maneno ya mtumwa yamsaidie kuelewa kesi, ila ilimkataza kuyafanya ushahidi. Walisikilizwa ili wasiaminiwe.

Naona naonyeshwa saa, basi nitaje haraka Tortola, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza. Mwaka 1811 Arthur Hodge alinyongwa kwa kumuua mtumwa wake Prosper, aliyechapwa kwa ajili ya embe moja. Shahidi mkubwa alikuwa Perreen Georges, mwanamke mwenye asili ya Afrika. Yeye alikuwa huru. Watumwa waliokuwapo pale siku Prosper anachapwa hawakuruhusiwa kusimama kizimbani. Maswali, tafadhali.