Chumvi Ile Ile: Kwa Nini Msumari Huliwa na Kutu na Samaki Akabaki

Waheshimiwa wazee, walimu wenzangu, mafundi na wavuvi mliokubali kuja kunisikiliza jioni hii, nawashukuru. Nimefundisha kemia katika shule za pwani kwa miaka mingi, na swali ambalo halikuacha kunivutia ni hili: mvuvi humtundika papa aliyetiwa chumvi kwenye msumari, na baada ya miezi kadhaa papa bado analika, ilhali msumari umeliwa na kutu hadi unakatika kwa vidole. Chumvi ni ile ile. Imewezaje kumhifadhi mmoja na kumwangamiza mwenzake?

Tuanze na msumari. Chuma huchimbwa ardhini kikiwa mawe ambamo kimeungana na oksijeni, na binadamu hutumia moto mkali wa tanuri kuvitenganisha. Kutu ni safari ya kurudi huko kilikotoka: chuma kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja, huungana navyo tena. Nasisitiza neno pamoja, kwa sababu msumari ulio katika hewa kavu hauoti kutu, na uliozamishwa katika maji yaliyochemshwa yakafunikwa kwa mafuta hukaa muda mrefu bila kudhurika. Mkulima anayepaka panga lake mafuta kabla ya kuliweka anafuata kanuni hiyo hiyo.

Chumvi huingia hapa kama msaidizi. Kutu inapoanza, sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye umeme, sehemu nyingine huzikabidhi kwa oksijeni, na maji yaliyo juu ya chuma hukamilisha njia ya umeme huo mdogo. Maji ya mvua huupitisha kwa shida, lakini maji ya bahari, yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, huupitisha kwa wepesi mkubwa.

Naomba nikae kidogo kwenye nondo, maana hapa ndipo nyumba zetu zinapobomoka. Saruji ni besi kali, yaani kinyume cha asidi, na ndani ya zege nzuri nondo hujifanyia utando mwembamba unaoilinda kwa miaka mingi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa huleta chumvi, chumvi hutoboa utando huo, na kutu inayotokea hudai nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, hata zege hupasuka kutoka ndani. Boriti ya nyumba ya marehemu baba yangu ilipasuka hivyo, na fundi wa kwanza aliziba ufa na kupaka rangi. Mwaka uliofuata kipande kizima kilidondoka. Tiba ilikuwa kuivunja zege iliyoharibika, kuisafisha nondo hadi chuma cheupe, na kumwaga zege mpya kwa mchanga usio na chumvi.

Mabati tunayoezekea nayo yana jina lisilo lao. Bati ni metali nyingine kabisa. Karatasi za paa ni chuma kilichopakwa zinki, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel alipewa hataza yake, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1837. Zinki hupoteza elektroni kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo hata karatasi ikikwaruzwa, zinki iliyo jirani hutangulia kuliwa na chuma kikasalimika. Karibu na bahari zinki hiyo huisha haraka, na ndiyo maana paa lipakwe rangi kabla madoa mekundu hayajaonekana. Bati halisi hupakwa kwenye makopo ya chakula, nalo halina ukarimu huo: kopo likikwaruzwa kwa nje, chuma ndicho kinachotangulia. Kopo lililotobolewa na kutu huwafungulia bakteria mlango, na lililovimba huenda limejaa gesi waliyoitengeneza. Msilionje.

Sasa tumgeukie papa. Nyama yake huharibiwa na vimeng'enya vyake mwenyewe, yaani kemikali za mwili zinazomeng'enya chakula, kisha bakteria na kuvu, na wote hao hawafanyi kazi bila maji. Chumvi huyavuta maji kutoka kwenye mnofu, na pia kutoka ndani ya miili ya bakteria wenyewe. Kwa hiyo chumvi inayoyapa maji nguvu ya kukila chuma ndiyo inayowanyima bakteria maji ya kuishi. Lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani. Ndipo wakati wa masika ng'onda, yaani samaki huyo mkavu, hulowa na kuota ukungu, na msumari uliomshikilia hubaki umelowa mchana na usiku. Wakati huo asitundikwe, afungwe mahali pakavu.

Nafaka hatuzitii chumvi, hivyo tegemeo letu ni ukavu peke yake. Mahindi yaanikwe juu ya turubai hadi unyevu usizidi asilimia 13. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Limebaki jambo moja ambalo wavuvi mnalijua kwa pua. Mafuta ya papa yako kwenye ini, ndiyo mafuta yaitwayo sifa ambayo wazee walipaka majahazi, na mnofu wake una mafuta kidogo sana. Kibua ana mafuta ndani ya mnofu. Oksijeni huyashambulia mafuta hayo kama inavyokishambulia chuma, na chumvi huchochea shambulio hilo badala ya kulizuia, kwa hiyo kibua mkavu hugeuka manjano na kunuka kwa ukali hata pale bakteria walipokwisha kushindwa. Kinga yake ni ile ya panga, yaani kumtenga na hewa: afungwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kivulini, na aliwe mapema, au alazwe kwenye barafu mara tu atokapo majini, asikaushwe kabisa.