Kinasa sauti mezani: taasisi iliyodumu miaka 10

Asante, mwenyekiti. Mabibi na mabwana, hebu vuteni picha ya chumba cha kukodi katika mji mmoja wa Marekani, miaka ya 1960. Viti vimepangwa safu safu. Watu wamelipa ada, wameketi, daftari mapajani. Mbele hakuna mhadhiri. Kuna meza, na juu ya meza kuna kinasa sauti. Mtu anabonyeza kitufe, utepe unaanza kuzunguka, na watu wazima na akili zao wanaisikiliza mashine huku wakiandika.

Naona wa nyuma mnacheka. Msicheke sana. Kwa mtindo huo mihadhara ilifika katika miji kama 80. Kila mji ulikuwa na mwakilishi wake: yeye ndiye aliyetafuta chumba, akaandikisha watu na kuwasha mashine. Na ilikuwa biashara, si shirika la hisani. Kwa falsafa iliyofundishwa kwenye utepe ule, kuona haya kwa sababu ya faida lingekuwa kosa.

Sauti ile ilikuwa ya Nathaniel Branden, na taasisi ilibeba jina lake: Nathaniel Branden Institute, ya New York. Ila falsafa haikuwa yake. Ilikuwa ya Ayn Rand, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Urusi mwaka 1905, akahamia Marekani mwaka 1926. Aliiita Objektivizimu. Siku moja alitakiwa aieleze akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akaweza: ulimwengu upo kama ulivyo, tupende tusipende, akili ndiyo njia ya kuujua, mtu aishi kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe, na mfumo wa haki ni ubepari. Hoja ya tatu mimi hainiingii, lakini ugomvi huo tuuache.

Riwaya yake kubwa, Atlas Shrugged, ilitoka mwaka 1957. Wahakiki wengi waliiponda, wasomaji wakainunua. Rand alivunjika moyo vibaya. Branden, kijana wa miaka 27, akaliona lile ambalo wahakiki hawakuliona: watu waliomaliza kitabu wakabaki na njaa. Mwaka 1958 akaanzisha kozi ya mihadhara 20 mjini New York. Rand mwenyewe alikuwa akija kujibu maswali. Baadaye likaja jarida, zikaja kozi nyingine. Mmoja wa walimu alikuwa mchumi aitwaye Alan Greenspan, ndiyo, yuleyule aliyekuja kuongoza benki kuu ya Marekani. Mwaka 1967 taasisi ilikuwa na ofisi ndani ya Empire State Building.

Sasa, siri ya mtungi aijuaye kata. Kundi la ndani lililomzunguka Rand lilijiita kwa utani "Umoja", wao waliochukia kila chenye harufu ya ujamaa. Utani ulikuwa na ukweli kuliko walivyodhani. Walihubiri kwamba kila mtu afikiri kwa kichwa chake, lakini aliyetofautiana na Rand aliweza kuitwa kikaoni ahojiwe, na Branden ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuhoji.

Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 1950, Rand na Branden walikuwa wapenzi. Yeye alimzidi kijana huyo miaka 25. Mume wa Rand alijua. Barbara, mke wa Branden, alijua. Walijulishwa na wakaridhia, kama watu wenye mantiki wanavyotakiwa kuridhia! Wanafunzi hawakujua lolote. Kisha Branden akampenda mwanamke mwingine, kijana zaidi, akamficha Rand kwa miaka kadhaa. Mwaka 1968 mambo yakafichuka. Kwa simulizi za akina Branden wenyewe, Rand alimpiga makofi. Taasisi ikafungwa mwaka uleule.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Rand aliandika katika jarida kwamba anavunja uhusiano na Nathaniel na Barbara. Akataja uzembe wa kifalsafa, akataja masuala ya fedha, akanyamaza kuhusu mapenzi. Wawili wale wakajibu kwa waraka uliodokeza kwamba tofauti ya umri ilikuwa kizuizi cha mapenzi, bila kusema wazi kwamba Rand na Branden walikuwa wapenzi. Basi msomaji aliyefundishwa miaka yote kutokubali neno bila ushahidi akatakiwa achague upande bila kupewa ushahidi. Na wengi walichagua! Marafiki wa miaka wakaacha kusalimiana. Jina la Branden, lililokuwa kwenye ukurasa wa tabaruku wa Atlas Shrugged pamoja na la mume wa Rand, likaondolewa katika matoleo yaliyofuata.

Branden alihamia California, akajipatia jina upya kwa vitabu vya saikolojia kuhusu kujithamini. Rand alifariki mwaka 1982. Wale wa kwenye viti, waliolipa ada na kujaza daftari, walisubiri hadi mwaka 1986, Barbara alipochapisha wasifu wa Rand, ndipo wakasoma waziwazi kilichoizima ile mashine.