Kuwashukuru Waliomhudumia Mtoto Mahututi

DADA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia shukrani wanazostahili wahudumu wa hospitali wanaowatunza watoto wachanga walio mahututi. Kaka yangu, binti yako alilazwa kwa maambukizi ya damu akiwa bado mchanga kabisa, na leo yu mzima. Unapowakumbuka watu wa wodi ile, ni nani anayekujia kwanza?

KAKA: Ni muuguzi wa zamu ya usiku, dada. Mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Huharakisha, hutulia kidogo, kisha huanza tena, na ndiyo maana pumzi zake huhesabiwa kwa dakika nzima. Muuguzi yule alikuwa akifunua shuka, anakazia macho tumbo la mtoto likipanda na kushuka, saa ikiwa mkononi, wala hakumjibu mtu yeyote mpaka dakika itimie. Pumzi zikifika 60 au zaidi, mtoto huhesabiwa kuwa anapumua haraka kuliko kawaida, na wetu alikuwa amevuka kiwango hicho. Aliandika, akaenda kwa mtoto mwingine, akarudi, akahesabu upya. Usiku kucha ilikuwa hivyo.

DADA: Na wazazi wengi hawafahamu kwamba mtoto wa umri huo anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa.

KAKA: Wetu hakuwa na homa hata kidogo. Mwili ulikuwa wa baridi, amelegea, ameacha kunyonya. Daktari alichukua damu ya kupeleka maabara, lakini hakungoja majibu ndipo aanze tiba, kwa sababu kuotesha vijidudu vya damu hiyo maabara ili vitambulike huchukua siku kadhaa, na maambukizi ya namna ile yanaweza kumwondoa mtoto mchanga kwa saa chache tu. Ilibidi dawa ipite kwenye mshipa, na mishipa ya mtoto yule ilikuwa miembamba mno. Muuguzi wa kwanza alijaribu, hakufanikiwa, akaweka sindano chini na kumwita mwenzake mwenye uzoefu zaidi. Namshukuru huyo aliyeupata mshipa, lakini namshukuru vilevile yule aliyemwita, kwa kuwa alimtanguliza mtoto mbele ya heshima yake mwenyewe.

DADA: Hapo umenigusa. Nadhani shukrani zetu hupungukiwa kwa sababu tunamwona aliyesimama kando ya kitanda peke yake. Mfamasia hupiga hesabu ya dawa kwa kila kilo ya uzito, na kwa mwili mdogo namna ile kosa la nukta moja ni kosa kubwa sana. Yupo wa maabara anayepima tone la damu usiku wa manane, yupo fundi anayehakikisha oksijeni haikatiki, na yupo mfanyakazi wa usafi, ambaye kazi yake katika wodi ya watoto wachanga ni kinga dhidi ya maambukizi yaleyale yanayotibiwa humo. Huyu wa mwisho ndiye tunayempita bila hata salamu.

KAKA: Ni kweli tupu. Nikueleze pia jambo walilomfanyia mke wangu. Mtoto alipokuwa hana nguvu za kunyonya, alilishwa kwa mrija uliopitishwa puani hadi tumboni. Muuguzi alimimina maziwa ya mama kwenye bomba la sindano lililotolewa kisukumio, akaliinua juu kidogo ya mtoto ili maziwa yashuke yenyewe, polepole. Kisha akamwambia, “Mama, shika wewe. Mtoto ni wako.” Mke wangu alikuwa ameketi pale akilia na kujiona hana faida, tangu saa ile akawa na kazi, na machozi yakapungua.

DADA: Kumpa mzazi nafasi ni sehemu ya tiba yenyewe. Ndivyo ilivyo hata katika matunzo ya kangaruu, ambapo mtoto hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Daktari Edgar Rey Sanabria aliyaanzisha mwaka 1978 jijini Bogotá, Kolombia, wakati inkubeta, yaani mashine za kuwatunzia watoto wachanga katika joto, hazikutosha, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza yaanze mapema iwezekanavyo kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo. Sasa, kaka, wapo watakaosema kwamba mponyaji ni Mungu, na kwamba wahudumu walifanya kazi wanayolipwa.

KAKA: Mungu namshukuru asubuhi na jioni. Lakini mshahara haumlazimishi mtu kupasha viganja vyake joto kabla ya kumgusa mtoto wangu, na muuguzi yule alifanya hivyo kila mara. Tena kitanda cha jirani kilikuwa na mtoto ambaye hakupona. Wazazi wake walirudi baadaye kuwashukuru wahudumu walewale. Wahudumu walipigania uhai wa mtoto yule kwa bidii ileile, kwa hiyo wanastahili asante ileile, na asante ya namna hiyo ndiyo wanayoisikia kwa nadra zaidi.

DADA: Basi msikilizaji anayetaka kushukuru afanyeje? Binafsi sipendi fedha zinazotiwa mfukoni mwa muuguzi, kwa sababu zinamweka mahali pagumu na zinamtia hofu mzazi asiye nacho.

KAKA: Sisi tuliandika barua kwa msimamizi wa wodi. Tulitaja zamu, tukataja kila kazi tuliyoiona: kuhesabu pumzi, kumwita mwenzake, kumpa mama bomba la maziwa, kupiga deki alfajiri. Msimamizi aliisoma wakati wa kukabidhiana zamu, wanaotoka na wanaoingia wakiwa pamoja, kisha akaomba ruhusa yetu aiweke nakala katika faili ya kila mhudumu, pamoja na yule wa usafi.