Maji Hayasubiri Ruhusa: mahudhurio katika kozi ya biolojia ya bahari

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Tanga

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi, wanangu, na karibuni Tanga nyote mliotoka mbali.

Nimeombwa niwaeleze kanuni za mahudhurio na ruhusa katika kozi yetu. Najua kaka na dada zenu wa mwaka wa pili wameshawapa za kwao: kwamba kinachotakiwa ni asilimia 75, kwamba karatasi ya mahudhurio huzungushwa mwishoni kwa hiyo mtu anaweza kuja mwishoni, na kwamba ukishapata ED, cheti cha hospitali cha kupumzika, basi mambo yamekwisha. La kwanza ni kweli. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyonileta hapa.

Hesabu kwanza. Muhula una wiki 15 na mihadhara miwili kwa wiki, jumla 30. Asilimia 75 ya 30 ni 22 na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu mhadhara, tunasema 23. Ukipungukiwa hapo huingii chumba cha mtihani. Wapo wanaoisoma kanuni hii kinyumenyume wakaona wamepewa mihadhara saba ya kukosa. Hiyo saba imewekwa kwa ajili ya malaria, msiba, na basi lililoharibika Segera usiku. Ukiimaliza kwa usingizi katika mwezi wa kwanza, homa ikikushika mwezi wa tatu utakuwa huna kitu mkononi.

Kwa mafunzo ya vitendo hakuna asilimia. Yako kumi na yote ni lazima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila mwaka hapa ndipo watu wanapoangukia.

Matatu kati ya hayo kumi tunayafanyia Sahare, kwenye mikoko. Mliozaliwa pwani mnajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Wenzenu wa bara watajifunza. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kila baada ya siku 14 au 15. Hapa kwetu siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, na kadiri bamvua linavyopita kupwa kwake kunapungua. Sasa mwanafunzi aliyekosa Jumatano ananijia Jumatatu: "Mwalimu, nilikuwa naumwa, cheti hiki hapa, naomba nifanye leo." Cheti ni halali, naye namwamini. Lakini sehemu aliyotakiwa kupima iko chini ya maji, na itabaki hivyo mpaka bamvua lingine.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo: ruhusa inakuondolea adhabu, lakini somo lenyewe bado unadaiwa.

Nawapa mfano wa samaki ambaye watu wa Tanga tunamwita wetu, silikanti. Hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilianzishwa hapa mwaka 2009. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mabaki ya mawe tu, wakaamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, mtunza makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer alikwenda bandarini kuangalia samaki walioletwa na meli ya uvuvi, akamwona mmoja ambaye hakuwahi kumwona. Alimchora, akampelekea barua mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith. Smith hakuwepo kazini. Alikuwa mapumzikoni Knysna. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Akapiga simu ya maandishi haraka: hifadhini mifupa na mashavu ya samaki huyo. Lakini kulikuwa na joto, na viungo laini vya ndani vilikuwa vimeshatupwa. Likizo ya Smith ilikuwa halali kabisa, hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo silikanti wa pili alipatikana mwaka 1952, visiwa vya Komoro. Miaka 14 ya kusubiri viungo ambavyo vilikuwa mezani siku chache tu kabla.

Turudi Sahare. Mnagawanywa vikundi vya watu wanne. Mmoja anaweka fremu ya mraba, nusu mita kwa nusu mita, juu ya tope. Wa pili anahesabu tondo, wale konokono wa mikokoni, na mashimo ya kaa ndani yake. Wa tatu anapima chumvi ya maji. Wa nne anaandika, na mikono yake lazima iwe mikavu. Akikosekana mmoja, anayehesabu ndiye anayeandika. Tope linapaka karatasi, namba 6 inageuka 0, na kundi zima linapeleka maabara takwimu ambazo hakuna mwenye uhakika nazo. Kwa hiyo unapokosa bila taarifa, watatu wengine wanaadhibiwa kabla yako. Tuma ujumbe hata saa kumi na mbili asubuhi, kiongozi wa kundi apange upya.

Ruhusa inatolewa kwa nini? Ugonjwa, wako au wa mtoto wako. Uzazi. Msiba. Wito wa mahakama. Kuwakilisha chuo michezoni, kwa barua ya chuo. Ibada: Idd inategemea mwezi kuonekana, kwa hiyo hatuweki jaribio katika siku yoyote kati ya zile mbili zinazoweza kuangukiwa na sikukuu. Angalieni pia kwamba Idd el Fitri huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama ndilo bamvua. Muhula ukigongana na sikukuu hiyo, safari ya Sahare tunaipeleka kwenye bamvua la mwezi mpevu. Na mwenye swaumu katika Ramadhani asione haya kuniomba kazi ya kuandika kivulini. Kazi hiyo ina alama zilezile.

Kuhusu ugonjwa nataka mnisikilize vizuri. Cheti kinatakiwa kionyeshe jina, tarehe za kupumzika na muhuri. Hakitakiwi kutaja ugonjwa. Kama una kliniki ya kila mwezi, kama una seli mundu na maumivu yanakuja bila hodi, nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii, uandikishwe mara moja kwa muhula mzima. Mimi nitaletewa tarehe tu, sitakuuliza zaidi. Na mabinti zangu, maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu ni ugonjwa kama mwingine. Mkiona vigumu kuniambia mimi, mwambieni fundi sanifu wetu wa maabara, ni mama, na neno lake kwangu linatosha.

Kuhusu msiba, sikubaliani na utaratibu wa kumdai mtoto aliyefiwa cheti cha kifo wakati hata arobaini haijapita. Katika kozi hii barua ya serikali ya mtaa au kijiji inatosha, na unaweza kuileta ukirudi. Bibi aliyekulea ni mzazi. Baba mdogo aliyekulipia ada ni mzazi.

Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kuchelewa si udhuru, wala harusi ya rafiki Dar. Lakini kama huna nauli ya kufika Sahare, njoo uniambie siku moja kabla. Gari la idara lina nafasi na hakuna atakayetangaza.

Taarifa itufikie kabla ya kipindi, au ndani ya siku tatu za kazi kama ulizidiwa. Ukiruhusiwa, utafidia kwa kuungana na kundi lingine katika bamvua linalofuata. Ikishindikana, utapewa takwimu za wenzako, utazichambua, nami nitakuhoji ana kwa ana. Katika ripoti utaandika wazi kwamba hukuzikusanya wewe. Njia hii ya pili inaruhusiwa mara moja tu kwa muhula, maana atakayeitumia mara tatu atamaliza kozi hii hajawahi kukanyaga tope. Asiyekuwa na ruhusa anapata sifuri ya kipindi hicho, na vitendo vinabeba alama 15 kati ya zile 40 za kabla ya mtihani wa mwisho. Wengi wa wenye sapu, mtihani wa kurudia, niliowafundisha, chanzo kilikuwa hapo.

Sasa kusainiana, yaani kumsainia mahudhurio mwenzako asiyekuwepo. Mnaona ni kumsaidia rafiki. Maji yakianza kurudi Sahare hayaji kwa mwendo mmoja; saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta maji mengi zaidi, na mkondo wa nyuma yenu hujaa kabla hamjauona. Kabla hatujaondoka, tunahesabu watu kwa karatasi hiyohiyo mnayosaini. Ikisema 32 na vichwa viko 31, hakuna anayepanda gari. Wavuvi wataombwa mashua, tutapita mkoko kwa mkoko tukiita jina la mtu aliyelala bwenini Chumbageni. Na siku nyingine, mtu akikwama kweli, tutadhani ni mchezo uleule. Ndiyo maana anayemsainia mwenzake anapelekwa kamati ya nidhamu pamoja na aliyesainiwa, na katika hilo sijawahi kulegeza, wala sitalegeza.

Fomu za ruhusa ziko kwa karani wa idara, chumba kinachotazama mwembe. Safari ya kwanza ni bamvua lijalo. Tutaondoka saa mbili kamili, viatu vya kufunga, kofia, maji ya kunywa. Haya, maswali. Tuanze na waliokaa nyuma.